Jibu: Mbwa wangu avae koti baridi hii?

Salaam dada. Umeuliza kama Chihuahua wako mzee, yule mbwa wa aina ndogo sana, anahitaji koti kwa matembezi ya asubuhi hapo Minneapolis, Marekani, maana jirani mwenye Husky, mbwa wa asili ya nchi za baridi, amekwambia manyoya yanatosha.

Kwa Husky, ni kweli: ana manyoya ya tabaka mbili, na ya ndani ni mazito. Wako ana manyoya mafupi na mwili mdogo, tena umri umeenda. Joto linamtoka upesi. Mnunulie koti.

Mkiwa nje, usitazame kipimajoto peke yake, mtazame yeye. Akitetemeka, akikunja mgongo, akiinua mguu mmoja mmoja au akikuvuta kurudi nyumbani, baridi imemzidi. Mrudishe ndani, hata kama hamjafika kona.

Koti lifunike kifua na tumbo, liishie kwenye shina la mkia, lisimkwaruze kwapani. Mimi hupitisha vidole viwili shingoni, visipopita, linabana. Likilowa theluji mvue, kwani hapo linampoza badala ya kumkinga.

Nyayo nazo usizisahau. Chumvi ya barabarani humchoma, naye huilamba. Mkiingia, zioshe kwa maji ya uvuguvugu, ukaushe vizuri katikati ya vidole.