Usiende Ufini mwezi Machi na raba

Usiende na raba. Nimesoma swali lako mara mbili na kabla sijajibu jambo jingine lolote ni lazima nikuzuie hapo. Umeandika kwamba unaondoka uwanja wa ndege wa KIA tarehe 10 Machi kwenda Jyväskylä, mji wa katikati ya Ufini, kwa mafunzo ya miezi mitatu, ukauliza koti la aina gani linafaa, ubebe fedha kiasi gani mkononi, kama unga wa ugali unapatikana kule, na kama ni kweli, kama alivyokueleza mtu anayekushughulikia safari hapo Arusha, kwamba Machi ni majira ya kuchipua na kwa hiyo raba nzuri na sweta vinatosha. Hilo la mwisho umeliweka mwishoni kama jambo dogo, mdogo wangu. Mimi ndilo lililonivunja mkono.

Mwaka 2017 niliondoka Moshi mwezi huohuo, kwenda mji huohuo, kujifunza useremala wa samani kwa miezi mitatu. Nami nilikuwa na mshauri wa safari, ambaye sitamtaja, na maneno aliyoniambia yanafanana na uliyoambiwa wewe kiasi kwamba nilipoyasoma nilisimama nikaenda kunywa maji. Alisema nisipoteze fedha kwenye viatu vizito, kwa kuwa baridi yao huisha Februari na nikifika nitakuta maua. Mtu huyo hakuwa amewahi kukanyaga theluji hata siku moja, jambo ambalo nililijua baadaye sana, lakini alizungumza kwa uhakika wa mtu aliyezaliwa huko, na alipokea ada yake kamili. Mpaka leo sijui kwa nini mtu asiseme tu, "Hili silijui, muulize aliyewahi kwenda."

Kibaya zaidi ni kwamba nyumbani palikuwa na mtu aliyeniuliza swali sahihi. Mjomba wangu wa Marangu alibeba mizigo ya wageni mlimani Kilimanjaro kwa zaidi ya miaka ishirini. Aliziangalia raba zangu, akaniuliza, "Mjomba, huko uendako njia inakuwaje alfajiri?" Nikamjibu kwamba huko si mlimani. Yeye alijua kwamba pale kwenye kibanda cha Kibo, mita 4,720, wapandaji huamshwa karibu na saa sita usiku, na mojawapo ya sababu ni kwamba changarawe za mteremko zikiwa zimegandishwa na baridi hukaa imara chini ya mguu, ilhali jua likishapanda huachia, na ukiweka hatua moja juu unarudi nusu hatua chini. Alijua pia kwamba penye theluji, maji yaliyotiririka mchana hugeuka kioo usiku. Kwa hiyo alikuwa amekwisha kuielewa Machi ya Ufini bila kufika Ufini, nami nilimpuuza nikamsikiliza mwenye ofisi.

Nikueleze ilivyokuwa, kwa sababu wiki za kwanza ndizo zitakazokudanganya kama zilivyonidanganya mimi. Nilipofika palikuwa na baridi kali, nyuzi kadhaa chini ya sifuri mchana na usiku, na theluji ilikuwa kavu kama unga wa sembe. Theluji ya namna hiyo hailowanishi kiatu. Ukiikanyaga inalia chini ya soli na inakushika vizuri, unatembea kama uko kwenye mchanga. Raba zangu zilikaa kavu, nikawaandikia nyumbani kwamba mambo yote ni shwari na kwamba watu huikuza baridi ya Ulaya. Katikati ya Ufini theluji iliyolala ardhini huwa nene kuliko wakati mwingine wowote karibu na katikati ya Machi, kwa hiyo wewe utafika wakati theluji ya majira yote ya baridi bado iko pale, na yote hiyo haina budi kuwa maji miguuni pako kabla hujarudi.

Halafu hali ya hewa ikageuka. Jua likatoka, mchana ukafika nyuzi tatu au nne juu ya sifuri, na matone yakaanza kudondoka kwenye kila paa. Tarehe 20 Machi hivi mchana wa kule unalingana kwa urefu na wetu wa hapa Moshi, na baada ya hapo wao wanatuzidi kila siku kwa dakika kadhaa, kwa hiyo macho yako yatakuambia kwamba joto limekuja. Jua hilo ni la kuonea, si la kuota. Theluji nyeupe hurudisha angani sehemu kubwa ya mwanga unaoipiga, na hata ule unaobaki hupata kazi kubwa, maana kuyeyusha kilo moja ya barafu bila kuiongezea joto hata nyuzi moja kunahitaji nishati inayokaribia ile ya kupasha maji hayohayo kutoka nyuzi 0 hadi nyuzi 80. Ndiyo sababu theluji haiondoki kwa siku mbili kama mtu wa hapa anavyodhania. Inachukua wiki nyingi, na katika wiki zote hizo mchana inayeyuka na usiku inaganda tena.

Mchana barabara yote ilikuwa tope la theluji, rangi ya majivu, lenye maji ya baridi yanayopita kwenye kitambaa cha raba kana kwamba hakuna kitu. Nilikuwa nafika karakana soksi zimelowa, nasimama nazo saa saba, narudi nazo. Usiku joto lilishuka hadi nyuzi tano au sita chini ya sifuri, na tope lile pamoja na vijito vyote vilivyotoka kwenye paa vikaganda palepale vilipokuwa, pamoja na nyayo za watu na alama za matairi. Alfajiri yake niliwahi basi la saa moja kasorobo. Halmashauri ya mji humwaga kokoto ndogo zilizopondwa kwenye njia za waenda kwa miguu, nazo zinasaidia sana, lakini maji yakishapita juu yake na kuganda, zinabaki chini ya barafu ambako huwezi kuzikanyaga, na mwenye gari la kokoto mpya alikuwa hajafika mtaa wetu. Palikuwa na mteremko mdogo kabla ya kituo, mfupi kuliko ngazi za nyumba yako. Niliona njia nyeusi yenye unyevu, nikadhani ni lami iliyolowa. Ilikuwa barafu yenye utando wa maji juu yake, na hakuna barafu inayoteleza kama hiyo. Soli za raba zangu zilikuwa za mpira mgumu ulio laini usoni. Sikumbuki kuanguka, nakumbuka tu mkono wa kulia ukiwa chini yangu.

Mfupa ulivunjika karibu na kiganja, nikafungwa plasta ngumu kwa wiki sita. Hospitali ilinihudumia vizuri, na bima niliyotakiwa kuikata kwa ajili ya viza ya Schengen, ile yenye kiwango kisichopungua euro 30,000, ilibeba gharama. Kwa hiyo kwa upande wa fedha sikudhurika sana. Kilichonigharimu ni kingine. Mimi ni seremala wa mkono wa kulia. Nilikuwa nimeacha karakana yangu ya hapa miezi mitatu, nimekopa nauli, nimeombewa kanisani, ili nikajifunze kukata viungo vya mbao kwa mashine ambazo hapa hatuna, na nikakaa wiki sita kwenye kiti nikiwatazama wenzangu wakikata. Plasta ilipotoka mkono ulikuwa mwembamba na mgumu, sikuweza kushika randa kwa nguvu. Cheti nilichorudi nacho kinasema nilihudhuria. Hakisemi kwamba nilifuzu mafunzo ya vitendo, kwa sababu sikuyafanya. Nikifikiri kwamba tofauti kati ya vyeti hivyo viwili ilikuwa jozi ya viatu, naumia hadi leo, na ndiyo maana naandika kwa urefu huu.

Kuhusu neno hilo, "majira ya kuchipua", ambalo sote tulilikariri kwenye jiografia kwamba huanza Machi 21: wataalamu wa hali ya hewa wa Ufini hawahesabu hivyo. Kwao majira hayo huanza pale wastani wa joto la siku unapopanda juu ya sifuri na kubaki huko, tarehe yoyote ile, na miti mingi hutoa majani mwezi Mei. Wana hata neno lao, takatalvi, la baridi inayorudi baada ya watu kudhani imekwisha. Mwaka ule wa 2017 ilirudi Aprili, ikarudi na Mei, theluji ikaanguka juu ya nyasi zilizokwisha kuonekana. Kwa hiyo usije ukagawa viatu vyako kwa sababu umeona siku nne za jua.

Sasa fanya hivi. Usinunue viatu Arusha kwa haraka. Shuka Moshi siku moja, uende soko la Memorial kwenye mitumba, utafute buti za kupandia mlima zinazopanda juu ya kifundo cha mguu. Wageni wengi huacha za kwao wakishashuka mlimani, na nyingine ni nzima kabisa. Ibonyeze soli kwa ukucha: mpira mzuri unabonyea kidogo, ule uliozeeka ni mgumu kama plastiki, na huo ukipata baridi utateleza kuliko raba. Ukiwa nyumbani, jaza karatasi za gazeti ndani ya buti, uzisimamishe kwenye beseni la maji yanayofika chini kidogo ya kamba kwa nusu saa, kisha utoe karatasi. Zikiwa zimelowa, buti hizo ni za kulimia. Muuzaji akikuambia hazipitishi maji, mshukuru na uende na beseni lako.

Ukifika kule, siku ya kwanza kabla ya kununua kadi ya simu, nunua vile vikamba vya mpira vyenye misumari midogo ya chuma vinavyovalishwa juu ya kiatu. Vinauzwa hata kwenye maduka ya vyakula na bei yake si kubwa. Vivae kila asubuhi joto lilipokuwa chini ya sifuri usiku, hata kama njia inaonekana imelowa tu, na hasa ikionekana hivyo. Uvivue mlangoni, kwa kuwa juu ya vigae vinateleza vibaya. Taasisi yao ya Hali ya Hewa hutoa tahadhari maalumu ya utelezi kwa waenda kwa miguu, iangalie kabla hujatoka. Kanyaga penye kokoto zinazoonekana, hatua fupi, magoti yamelegea, uzito juu ya mguu wa mbele, mikono nje ya mifuko, kama bata anavyotembea. Ukiona kamba au nguzo zimewekwa kando ya ukuta, pita upande wa pili, maana theluji inaangushwa kutoka kwenye paa, au itaanguka yenyewe. Na lile ziwa utakaloona watu wakitembea juu yake mwezi Machi, Aprili usilifuate hata kama barafu bado inaonekana nene, kwa kuwa jua huipenya na kuipasua ndani kuwa vijiti vilivyosimama, na barafu ya namna hiyo haikubebi hata ikiwa nene.

Koti lolote la mitumba linalofika mapajani na kuzuia upepo litatosha. Soksi ziwe za sufu, si pamba, jozi nne. Hayo mengine uliyouliza wako wenzetu humu watakaokujibu.

Niambie hapahapa unashuka Moshi lini. Jumamosi huwa nafunga karakana saa sita na naweza kukukuta Memorial, nawafahamu wawili watatu wanaouza buti za mlimani pekee. Njoo na soksi nene moja ya kujaribia na usije asubuhi sana kabla mguu haujavimba kidogo kwa kutembea, kwa maana nambari inayokutosha saa mbili itakubana saa nane.