Nyumba Ndogo ya Kuhama Nayo: Mchoro Uanzie Wapi?

SWALI: Ndugu Mhariri, kazi yangu na ya mwenzangu ni ya kuhamahama, na tumeamua kujenga nyumba ya mbao juu ya trela ili kila tuhamapo tuhame nayo. Tumechora nyumba ambamo kitanda, meza na viti vyote hukunjwa ukutani, na kwenye karatasi inapendeza. Kabla hatujamkabidhi fundi mchoro huo, tungependa kujua mtu huanzia wapi, na ni vitu gani hasa vinavyofaa kugeuzwa matumizi.

JIBU: Anzeni na barabara. Nyumba itakayovutwa hupangiwa upana na kimo na sheria za usafirishaji kabla mwenyewe hajachagua lolote; katika Umoja wa Ulaya, kwa mfano, upana wa kawaida wa gari hukomea mita 2.55 na kimo mita 4, na nchi nyingine zina mipaka yake ambayo ni lazima muiulizie kabla ya kununua hata ubao mmoja. Mkitoa ukuta wa sentimita 15 kila upande, mita hizo 2.55 zinabaki 2.25, na humo ndimo mtakamopishana, mmoja akiwa jikoni na mwingine akielekea msalani.

Baada ya upana kuna uzito. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja, kwa hiyo tangi la lita 200 likijaa huongeza kilo 200. Liwekeni chini kabisa, karibu na ekseli, yaani mtaimbo unaoshika magurudumu, na mnaposafiri liwe tupu. Vitu vizito vikirundikwa nyuma ya ekseli, trela huanza kuyumba mwendo unapoongezeka, na likishaanza hata dereva hodari hupata taabu kulituliza.

Sasa tuingie ndani. Kwa maoni yangu, mchoro wenu una vitu vingi mno vya kukunjwa. Fikirini saa nne za usiku: juu ya meza kuna kompyuta, vikombe viwili na karatasi za kazi, na kitanda hakishuki mpaka vyote hivyo vipatiwe mahali pengine, meza ikunjwe na viti visogezwe. Watu waliochoka huifanya kazi hiyo kwa siku chache tu. Baadaye kitanda huachwa kimeshuka mchana kutwa, na chumba kilichokusudiwa matumizi matatu hubaki na moja. Ndiyo maana nashikilia kwamba kinachogeuzwa kila siku kigeuke kwa tendo moja, bila kuhitaji kitu kingine kiondolewe kwanza.

Hilo linawezekana mkiinua sakafu ya jikoni kwa sentimita 45 hivi na kuingiza chini yake kitanda chenye magurudumu. Kikivutwa nusu huwa kiti. Kikivutwa chote huwa kitanda, na shuka zake zimekwisha kutandikwa. Kimo kinaruhusu, kwa kuwa katika zile mita 4, sakafu ya trela ikiwa sentimita 60 kutoka ardhini, na mkitoa unene wa paa na sakafu, ndani mnapata karibu mita 3. Meza nayo ishikiliwe na ukuta wa upande wa pili, isiwe na miguu, ili mwisho wa kitanda upite chini yake bila mtu kugusa kikombe.

Jiko na bafu visihamishwe kabisa. Vipeane mgongo kwenye ukuta mmoja unaobeba mabomba yote. Hata Gerrit Rietveld, aliyesanifu nyumba ya Schröder huko Utrecht, Uholanzi, mwaka 1924, alifanya kuta za ghorofa ya juu zisogezwe ili chumba kimoja kikubwa kigawanyike kuwa vyumba vya kulala, lakini ngazi ilibaki palepale.

Kabla ya kumwita fundi, chora mpango wote kwa chaki sakafuni kwa vipimo kamili, mpange maboksi badala ya samani, kisha mjaribu kuishi humo jioni moja. Fundi naye atumie skrubu na gundi, kwa maana misumari mitupu hulegea kwa mtikisiko wa safari, na kila mlango wa kabati uwe na komeo. Wekeni pia madirisha yanayoelekeana, kwani mvuke wa kupikia na wa pumzi za watu wawili hulowesha haraka kuta za nyumba ndogo.

SWALI: Je, kontena la usafirishaji lisingetuokolea kazi yote hiyo?

JIBU: Lingeokoa baadhi tu. Kontena la futi 20 lina upana wa mita 2.35 ndani na kimo cha mita 2.39, na kihami joto, yaani tabaka la kuzuia joto na baridi kupita ukutani, ambacho hakiepukiki kwa chuma, hupunguza vyote viwili. Isitoshe, mkikata bati la ukutani ili kupata dirisha kubwa mnapunguza nguvu yake, hivyo huna budi kuzungushia tundu hilo fremu ya chuma.

Lolote mtakalochagua, angalieni yaliyolipata jengo la Nakagin mjini Tokyo, lililokamilika mwaka 1972: vyumba vyake vidogo vilibuniwa ili vitolewe na kubadilishwa, lakini hadi jengo linabomolewa mwaka 2022 havikuwahi kubadilishwa. Kwa hiyo maungio ya maji, majitaka na umeme yawe mahali panapofikika kutoka nje, yafunguke kwa spana ya kawaida, na siku ya kukabidhiwa nyumba mwambieni fundi ayafungue na kuyafunga tena mbele yenu.