Jibu: Mafuriko yamenitoa nyumbani, kodi bado nadaiwa?

Pole sana dada. Kwa kuwa uko Nairobi, Kifungu cha 65 cha Sheria ya Ardhi ya 2012 kinakulinda: nyumba ikiharibiwa na moto au mafuriko bila uzembe wa mpangaji, kodi husimama, yote au sehemu kulingana na uharibifu, hadi ikalike tena. Miezi 6 ikipita haijatengenezwa, unaweza kuvunja mkataba kwa notisi ya mwezi 1.

Lakini usiache kulipa kimyakimya! Hapo ndipo wapangaji wengi huumia, maana mwenye nyumba huendelea kuhesabu malimbikizo. Mwandikie leo, hata kwa WhatsApp: tarehe maji yalipoingia, vyumba visivyokalika, picha za alama ya maji ukutani kabla hajapaka rangi. Chumba kimoja kikiwa bado kinatumika, kubalianeni kiasi kwa maandishi.