Re: Chuo kina ziada ya mabilioni, mbona walimu wa muda hatujalipwa?

Habari mkuu. Unauliza kama hesabu zimepikwa, maana taarifa ya mwaka inaonyesha ziada na ninyi mnadai tangu muhula uliopita. Si lazima ziwe zimepikwa. Anza na ukurasa wa mtiririko wa fedha, yaani pesa taslimu iliyoingia na kutoka. Vyuo vya umma hapa Tanzania hufunga hesabu Juni 30, na ada huhesabiwa mapato hata kama mwanafunzi bado anadaiwa. Ziada ya karatasi hailipi mtu.

Kisha soma maelezo ya fedha za utafiti. Nilipokuwa msaidizi wa mradi, akaunti yetu ilinona kweli kweli, lakini hela ya mfadhili huigusi kwa mishahara; hata masalio mara nyingi hurudi kwake.

Hati safi ya CAG (Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali) isikudanganye. Inasema hesabu zimeandikwa sawasawa, haisemi chuo kina uwezo. Deni lenu litafuteni kwenye orodha ya wadai. Lisipokuwepo, hapo sasa pigeni kelele, tena kwa Baraza la Chuo linalopitisha bajeti. Seneti ni ya taaluma. Mikataba yenu sijaiona, siwezi kuisemea.