Nimebadilisha pedi za pikapu na breki bado zinalia

SWALI: Fundi shikamoo. Nina Hilux dabo kebini, nabeba kabichi na karoti kutoka Lushoto nashusha Mombo mara nne kwa wiki. Mwezi uliopita pedi za mbele ziliisha nikafunga mpya, wiki mbili tu gari ikaanza kulia nyiiii nikigusa breki kidogo, nikikanyaga kwa nguvu inanyamaza. Nikipita Soni watu wanageuka kuangalia. Nilirudi gereji wakafungua wakaosha kwa sabuni, siku tatu ikarudi. Sasa fundi anasema ninunue pedi nyingine pamoja na diski mbili, na kijana mmoja wa stendi anasema nipake oili kidogo zitanyamaza. Nimsikilize nani?
Dereva, Lushoto

JIBU: Marahaba kijana. Huyo wa oili mkimbie kabisa, tena usimpe gari hata kuliosha. Nilipokuwa spana boi kuna siku mwenzangu alipaka grisi kwenye uso wa pedi ili mteja aondoke bila kelele, na kweli kelele ziliisha, ila gari haikusimama, ilienda ikalala kwenye geti letu wenyewe. Sasa wewe unashuka na kabichi kwenye zile kona za Mombo, fikiria mwenyewe.

Tuanze na mlio wenyewe maana umeueleza vizuri. Pedi ikiisha, kuna kibati kidogo pembeni yake kinaanza kugusa diski, na hicho mara nyingi kinalia gari ikitembea tu hata hujagusa breki, ukikanyaga ndo kinaweza kunyamaza. Ikiisha kabisa chuma kwa chuma inakwaruza krrr mpaka unaisikia kwenye pedali. Ya kwako siyo hizo. Ya kwako inalia ukigusa kidogo, yaani pedi inatetemeka juu ya diski zaidi ya mara elfu kwa sekunde, kama chaki inavyopiga kelele ubaoni, ukibana kwa nguvu inakosa nafasi ya kutetemeka. Kwa hiyo kabla ya kununua kitu chochote muulize fundi wako swali moja: vile vibati vyembamba vinavyokaa nyuma ya pedi, kati ya pedi na pistoni inayoisukuma, amevirudisha? Mafundi wengi wanavitupa, wanasema havina kazi, na kazi yake ndo hiyo hiyo, kuzuia mtetemo.

Jambo la pili ni namna unavyoshuka. Usinidanganye, unashuka mguu uko juu ya breki kuanzia juu mpaka Mombo, au mbaya zaidi unaweka nyutro kubana mafuta. Pedi mpya ambayo haijazoea diski ukiichoma hivyo uso wake unakuwa mgumu unang'aa kama kioo, na ukifika chini ukiteremka unasikia harufu kama ya klachi iliyoungua. Shuka na gia, namba 2 au 3 kutegemea mzigo, breki iguse kwa nguvu kidogo kisha iachie ipoe. Na wale vijana wa kumwagia maji rimu zinazotoa moshi wakatalie, diski ya moto ikimwagiwa maji ya baridi inaweza kupinda.

Sasa kazi yenyewe. Weka gari sehemu tambarare, zuia matairi ya nyuma kwa mawe, legeza nati kwa spana namba 21 kabla ya kupiga jeki, halafu weka stendi, usiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Toa pedi uzitazame. Zikiwa na nyufa au zimebaki milimita 3 tupa. Zikiwa nene ila zinang'aa, tandika msasa namba 120 juu ya kipande cha kioo, sugua pedi taratibu mpaka mng'ao wote uishe na uone rangi iliyofifia, kisha chukua tupa ulaze kingo za mbele na nyuma kidogo. Pale masikio ya pedi, yaani ncha zake mbili, yanapotelezea safisha kwa brashi ya waya, paka grisi ya breki ile inayovumilia joto, nyembamba kabisa, hapo kwenye masikio na mgongoni kwenye vibati, usoni hapana. Petroli na dizeli usisafishie, ya kwanza inakula mipira ya kalipa, ile inayobana pedi, na ya pili inaacha mafuta. Ukisharudisha, pampu pedali mpaka iwe ngumu KABLA hujatoa gari, wengi wanasahau hii wanagonga ukuta wa gereji.

Kisha zizoeshe: barabara tambarare isiyo na watu, toka spidi 60 punguza mpaka 10 bila kusimama, rudia kama mara 8 huku ukiacha ipate upepo kila mara.

Na kitu ambacho hukukiuliza, je umeongeza majani ya springi nyuma? Wabeba kabichi wengi wameongeza. Hilux nyingi zina valvu nyuma yenye fimbo iliyoshikwa kwenye ekseli, mkia ukishuka kwa mzigo inajua gari imebeba na inapeleka presha zaidi kwenye dramu za nyuma. Ukiinua mkia kwa springi ile valvu inadhani gari ni tupu hata ukiwa na tani moja, kwa hiyo breki za mbele zinafanya kazi ya zote nne, na hapo hata ufunge pedi za dhahabu zitaungua. Irekebishwe ile fimbo, na shuu za nyuma, zile pedi za ndani ya dramu, ziajastiwe. Diski usinunue mpaka upime unene, kipimo cha mwisho kimechorwa kwenye diski yenyewe, tafuta maandishi MIN TH.

SWALI: Habari fundi. Pikapu yangu inalala nje Kigamboni, asubuhi breki zinalia mara mbili tatu halafu basi, siku nzima kimya. Nimeambiwa nibadilishe diski zote. Ni kweli?
Dada wa Kigamboni

JIBU: Nzuri dada yangu. Hapana. Ni kutu ya usiku, hewa ya bahari na umande, diski ni chuma tupu haina rangi, ukikanyaga mara ya kwanza pedi inaikwangua inaisha. Angalia asubuhi kabla ya kutoka, utaona wekundu kama wa chai ya rangi kwenye diski, jioni hauko. Ukiona hata jioni bado kuna mistari ya kina inayoshika kucha, hapo ndo uniandikie tena.