Arjinini 8, ornithini 150: ni ugonjwa au ni sampuli?

SWALI: Mtoto wa miaka miwili hutapika na kusinzia mara kwa mara. Tulimtoa damu Likoni kwenye tyubu ya heparini (dawa ya kuzuia damu isigande), ikavuka kwa feri, ikazungushwa kwa mashine kisiwani Mombasa, kutenga plazma (maji ya damu) na chembe, baada ya masaa matatu hivi. Majibu ya asidi za amino, kwa mikromoli kwa lita: arjinini 8, ornithini 150, glutamini 310, glutamati 290, taurini 280, aspartati 41. Daktari anashuku hitilafu ya mzunguko wa urea (njia ya mwili ya kugeuza amonia, ambayo ni sumu, kuwa urea). Turudie?

JIBU: Rudieni, tena upesi. Namba hizi zinasimulia safari ya tyubu zaidi ya hali ya mtoto.

Chembe nyekundu zimejaa arjinasi, kimeng'enya kinachokata arjinini kuwa ornithini na urea. Damu ikikaa na chembe zake kwenye joto letu hili, hasa zikianza kupasuka, kazi hiyo huendelea ndani ya tyubu. Arjinini moja huzaa ornithini moja, basi jumlisheni: 8 na 150 ni 158, jumla isiyo ya ajabu kwa mtoto. Imehama upande tu. Fanyeni hivyo hivyo kwa glutamini, ambayo hupoteza amonia ikawa glutamati: jumla 600. Taurini imevuja kutoka chembe nyeupe na chembe sahani. Aspartati nayo hutoka kwenye chembe zilizopasuka.

Msiishie kusema "basi mtoto mzima". Kwenye hitilafu za mzunguko wa urea glutamini hupanda, na sampuli iliyochelewa huweza kuishusha hadi ionekane ya kawaida. Arjinini nayo huwa chini kweli kwenye baadhi ya hitilafu hizo. Kwa hiyo karatasi hii haithibitishi wala haikanushi. Tazameni sitrulini, asidi ya amino nyingine ya mzunguko huo, maana haibadiliki sana kwa kuchelewa: ikiwa mamia kwa mamia, au karibu haipo, mpigieni daktari leo. Amonia ipimwe hapa hapa Mombasa, kwa tyubu yake peke yake, juu ya barafu. Mtoto akisinzia, hiyo haingoji majibu ya asidi za amino.

Safari hii zungusheni Likoni kabla ya kuvuka. Masaa manne tangu mlo wa mwisho yanatosha. Msimshindishe mtoto huyu na njaa usiku kucha, kwani mwili ukivunja misuli amonia hupanda. Toeni mililita 1 hadi 2, heparini, bila kukamua. Geuzeni tyubu taratibu mara nane hadi kumi, kisha iingie kwenye maji ya barafu. Msiilaze juu ya barafu kavu (kaboni dioksidi iliyogandishwa): damu nzima ikiganda kwa baridi, chembe hupasuka. Ndani ya nusu saa zungusheni kwa 1500 g dakika 10 (g, yaani nguvu ya mzunguko ikilinganishwa na mvutano wa dunia, si mizunguko kwa dakika; jedwali la mashine yenu litawapa ulinganifu). Vuteni plazma ya juu tu, mkiacha kama nusu sentimita juu ya utando mweupe, tabaka la chembe nyeupe na chembe sahani. Tamaa ya tone la mwisho ndiyo huleta taurini.

Plazma ikiwa na wekundu, itupeni mtoe nyingine. Ikiwa safi, gandisheni mara moja, isafiri kwa barafu kavu; friza ya nyuzi 20 chini ya sifuri ni ya siku chache, zaidi ya hapo tafuteni ya 80. Kwenye fomu andikeni saa ya mlo, ya kutoa damu na ya kugandisha, pamoja na dawa anazotumia.