Vichwa vya treni vya turbini vya Ujerumani: anza na kondensa

Ukifungua mchoro wa T 18 1001, kichwa cha treni kilichojengwa na Krupp mwaka 1924 kwa mfumo wa Mswisi Heinrich Zoelly, jicho litakimbilia turbini (gurudumu la mapanga linalozungushwa na mvuke) iliyokingama pale mbele. Iache kwanza. Anza na kondensa, chombo kinachopoza mvuke uliokwisha kutumika ugeuke maji, ndipo urudi kwenye boila. Karibu kila uamuzi wa wahandisi wale ulitokana na ombwe (presha iliyo chini sana ya ile ya hewa ya kawaida) lililohitajika ndani ya kondensa, na mtu asiyelielewa huishia kukariri vipimo tu.

Ila kabla ya hapo, majina, maana wengi hupotea siku ya kwanza. Herufi T kwenye T 18 1001, na kwenye T 18 1002 ya kiwanda cha Maffei cha München, ni ya turbini. Lakini kwenye orodha za reli za Prussia, T 18 ni aina nyingine kabisa: kichwa cha pistoni kinachobeba maji na makaa yake mwilini, kilichojengwa kwa mamia tangu 1912 na baadaye kupewa namba 78. Ukikuta picha ya T 18 isiyo na tenda (behewa la makaa na maji) nyuma yake, umeshika faili lisilo lako.

Sasa hesabu, na uifanye mwenyewe kwa jedwali la mvuke. Chukua kilo moja ya mvuke wa baa 15 (baa moja ni karibu presha ya hewa ya kawaida) na nyuzi 350. Kwenye silinda ya kawaida mvuke huo hutoka ukiwa na baa 1.2 hivi, kwa kuwa bado unatakiwa kupuliza kupitia bomba la moshi ili moto uvute hewa. Hata pistoni ingekuwa kamilifu, unapata kama kilojuli 540. Uache mvuke uleule utanuke ndani ya turbini hadi baa 0.1, unapata kama 900. Tofauti hiyo ndiyo iliyowafanya watu wavumilie taabu zote zilizofuata. Pistoni haiwezi kuifikia: kwenye baa 0.1 kilo moja ya mvuke imevimba hadi kupita mita 12 za ujazo, na silinda ya kuimeza isingeenea kwenye reli.

Baa 0.1 maana yake kondensa ibaki kwenye nyuzi 46. Ikipanda hadi 60, presha inakuwa baa 0.2 na kilojuli zako zinashuka hadi 800 hivi. Na joto la kuondoa ni kubwa kuliko anavyodhani mgeni. Mvuke wa tani 10 kwa saa unaacha megawati 6 hivi. Ukiyaruhusu maji ya kupoza yapate joto la nyuzi 10 tu, unahitaji kuzungusha zaidi ya tani 500 kwa saa. Maji hayo yalipozwa kwenye tenda kwa kumwagwa yakipitiwa na hewa, na sehemu yake ikapotea kama mvuke, karibu sawa na kiasi cha mvuke uliogeuzwa maji ndani ya kondensa. Kwa hiyo usiandike kwamba T 18 1001 ilijengwa ili kuokoa maji. Lengo lilikuwa makaa. Faida upande wa maji ni kwamba boila hurudishiwa maji yaleyale, safi, yasiyoacha magadi kwenye mirija.

Ombwe likiharibika, soma geji mbili kwa pamoja. Presha na joto vikipanda sambamba, tatizo ni upozaji: pampu, feni au siku ya jua kali. Presha ikiwa baa 0.2 ilhali maji yanayotoka kondensa yana nyuzi 40 tu, hewa inaingia, na mahali pa kutafuta ni sili za shafti na maungio ya mabomba yanayotikiswa safari nzima.

Turbini yenyewe ina mambo mawili. Haizunguki kinyume, hivyo kurudi nyuma kunataka turbini ya pili, ambayo isipokuwa na klachi huzunguka bure wakati wa kwenda mbele na kula nguvu. Pili ni kasi. Gurudumu la kipenyo cha mita 1.65 kwenye kilomita 110 kwa saa huzunguka mara 354 hivi kwa dakika, turbini inataka maelfu. Gia hutatua hilo kwa mwendo mkubwa, lakini treni ikitambaa, mapanga ya turbini yanakwenda polepole mno mbele ya mvuke na sehemu kubwa ya mvuke inapita bila kufanya kazi. Ndiyo maana mashine hizi zinapimwa kwa haki kwenye safari ndefu tu, si kupanga mabehewa stesheni.

Usizichanganye na vichwa vya kondensa vya aina ya 52 vya Henschel, vilivyoanza 1943. Hivyo ni vya pistoni, vilipoza mvuke kwa hewa bila kutafuta ombwe, na hapo kweli lengo lilikuwa maji. Vilihitaji kichujio cha oili, kwa sababu oili ya silinda ikifika boila hufunika mirija na kuichoma. Turbini haina oili ndani ya mvuke wake. Jambo moja linaziunganisha: mvuke haupulizi tena bomba la moshi, kwa hiyo moto unavutwa na feni. Chunguza mapanga ya feni hiyo kwenye picha za karakana, hasa ncha zake. Majivu na chembe za makaa huzisaga kama tupa, feni hupoteza mizani, beringi zinafuata, na boila yenye moto dhaifu haiwezi kulisha turbini hata kama ombwe ni zuri.